Maziwa ya Mtoto wa Ng'ambo

Jiwe lilimwangukia Stefan Hladun mguuni mwezi wa Septemba mwaka 1963, chini kabisa ya mgodi, na hadi mwisho wa Oktoba bado alikuwa amelala kwenye kochi la sebuleni, mguu wa kushoto umefungwa plasta mpaka pajani, akisikiliza redio asiyoipenda. Fidia ilikuwa njiani. Kila mtu pale Timmins, mji wa migodi, alijua maana ya fidia kuwa njiani. Mkewe Paraska alianza kufua nguo za watu, na muuza maziwa, aliyezoea kusimamisha gari lake mlangoni kwao kila asubuhi, sasa alipita bila hata kupunguza mwendo. Mezani yakaja maziwa ya unga kutoka kwa akina mama wa kanisani, katika mfuko wa karatasi usio na maandishi. Ukiyakoroga yalifanya mabonge, na mtoto wao mdogo, Lesia, mwenye mwaka mmoja na miezi miwili, aliyatema yote kifuani.

Binti yao mkubwa, Orysia, alikuwa na miaka minane, na alikuwa mtoto wa kuulizauliza. Siku moja alimwuliza mama yake kama wao sasa ni maskini. Paraska alikuwa ameinamia karai, povu limemfika viwikoni.

"Sisi si maskini," alisema bila kugeuka. "Hatuna hela tu."

Orysia alilipindua jibu hilo kichwani wiki nzima asipate pa kulishika.

Basi wiki ya Halloween, sikukuu ya watoto kujivika mavazi ya kuigiza, ikafika, na shuleni Mwalimu Pardoe, mwanamke mrefu aliyevaa miwani yenye mnyororo, akagawa visanduku. Vilikuwa vya karatasi ngumu, rangi ya chungwa, na uzi wa kuning'iniza shingoni, na kila kimoja kilikuwa na picha ya mtoto anayekunywa kwa kikombe. Mwalimu aliwaeleza kwamba jioni ya Halloween, wakipita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, waombe pia senti kwa ajili ya watoto wa ng'ambo wasio na maziwa. Visanduku vingerudishwa Jumatatu na kupelekwa UNICEF. Senti moja, alisema, ni vikombe kadhaa vya maziwa.

Orysia akanyoosha mkono. Alitaka kujua mtoto asiye na maziwa anakaa mji gani. Mwalimu akasema ni miji mingi, nchi nyingi, mbali sana. Orysia akauliza kama mtoto mwenye maziwa ya mabonge anahesabiwa. Wenzake wakacheka, na Mwalimu Pardoe, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamwambia ashushe mkono.

Alhamisi jioni theluji ya kwanza ilikuwa imekwisha kuanguka. Watoto wa Timmins walizoea: ukijifanya malaika, unakuwa malaika mwenye koti zito ndani. Orysia hakuwa na vazi la kununua, kwa hiyo alichukua la baba yake, ovaroli la kazini lililokunjwa mara nne miguuni na ile kofia ngumu ambayo sasa haikuwa na kazi. Stefan alimtazama kutoka kochini muda mrefu kidogo. Kisha akamwita, akamfunga mkanda wa kofia chini ya kidevu, na kumwambia asiinamishe kichwa asije akaiangusha.

Alitembea na Huguette Lamarre, mtoto wa jirani, Mfaransa wa shule ya masista, ambaye alikuwa amejitanda shela nyeusi ya shangazi yake. Shule ya kina Huguette haikugawa visanduku, na jambo hilo lilimfurahisha sana.

"Mimi naomba za kwangu tu," alisema. "Wewe umevaa bakuli la ombaomba shingoni. Halafu mchimbaji gani hana masharubu?"

Akamchora masharubu kwa kizibo kilichochomwa, wakaenda.

Walipita mitaa mitatu wakiimba kilio chao, peremende au tutawafanyia visa. Watu wengi walikuwa wema. Walitia senti za shaba, moja moja, mbili mbili, na kila iliyoanguka Orysia alijaribu kuiona katika vikombe, akashindwa. Mzee mmoja wa Kifini aliuliza kama hela hizo zinakwenda kwa Wakomunisti. Orysia hakujua, akasema atauliza. Mwanamke mmoja wa Barabara ya Nne aliikazia macho ile kofia, kisha ovaroli, kisha akasema, "Wewe si binti ya Hladun?" Akaingia ndani, akarudi na mkate mzima uliofungwa kwenye taulo la jikoni, akautia kwenye mfuko wake wa peremende. Hakutia senti kisandukuni. Orysia alishukuru, lakini walipofika barabarani aliona mashavu yamemwaka moto, asijue ni kwa nini, maana mkate ulikuwa mzuri na bado wa moto.

Nyumba ya mwisho ilikuwa Moneta, mtaa wa Waitalia, na ilikuwa ya Rocco Fazzari. Rocco alifanya kazi zamu moja na baba yake Orysia. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu hivi, mwenye masharubu ya kweli, mke mpya aitwaye Carmela, na gari la kijani ambalo alilipangusa theluji kila asubuhi hata kama haendi popote. Alifungua mlango, akaiona kofia, akasimama wima kama askari.

"Stefano. Mguu umepona mara hii? Mbona umekuwa mfupi?"

Huguette akacheka mpaka shela ikamdondoka. Rocco akawapa karanga na chungwa kila mmoja, na alikuwa karibu kufunga mlango alipokiona kisanduku. Akainama. Akakishika kwa vidole viwili, akakigeuza kuelekea kwenye mwanga, akaitazama ile picha ya mtoto na kikombe.

"Huyu namjua," alisema.

"Unamjua nani?" Orysia aliuliza.

"Huyu mtoto. Kijijini kwetu, vita vilipokwisha, lilikuja lori na mapipa ya maziwa ya unga. Yalikuwa na picha hii hii. Foleni ikajaa uwanja wa kanisa. Maziwa yenyewe sasa," akakunja pua, "yananuka. Nusu tulimpa nguruwe."

Orysia aliiangalia picha, akamwangalia Rocco, masharubu yake, soksi zake za sufu, na nyuma yake chumba chenye jiko lililowaka mpaka likawa jekundu.

"Kwa hiyo ni wewe?"

Rocco alicheka, lakini macho yake hayakuwa yakicheka. "Ni sisi," alisema. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya dola moja, akaikunja mara tatu na kuisukuma kwa kidole gumba mpaka ikapita. Kisha akasema maneno fulani kwa Kiitalia, yasiyowahusu wao, akafunga mlango.

Hapo ndipo mambo yalipomvurugika Orysia. Mpaka jioni ile, mtoto wa ng'ambo alikuwa mahali pake, mbali, amekaa chini, anangoja. Sasa alikuwa Moneta, ana gari.

"Kwa hiyo hela zote hizo zinakwenda kwa Fazzari?" Huguette aliuliza wakirudi, mdomo umejaa peremende ya asali nyeusi.

"Hapana. Yeye alishakunywa."

"Basi nani hajanywa?"

Walitembea mpaka kona, theluji ikilia chini ya viatu vyao.

"Kwenu mnakunywa ya unga," Huguette alisema. Hakuwa anamsimanga. Alisema tu kama mtu anayetaja rangi ya mlango. "Mama alisema. Ya unga kama ya Fazzari."

Asubuhi ya Ijumaa Orysia aliamka kabla ya mama yake, akachukua kisu cha kumenyea viazi, na akapasua kisanduku upande wa chini, polepole, ili picha isiguswe. Baadaye, alipokuwa mtu mzima, aliwahi kujaribu kukumbuka alichokuwa akiwaza dakika ile, na kila mara alikumbuka jambo jingine. Mara aliona kuwa alikuwa na uhakika mtupu, kama mtu aliyepewa hesabu akaipata. Mara aliona kuwa alijua fika anaiba. Lililo wazi ni kwamba hakugusa senti hata moja. Alichokonoa noti ya Rocco tu, akavaa koti juu ya nguo za kulalia, akatoka kumsimamisha muuza maziwa.

Huyo muuza maziwa aliitwa Bwana Aldège. Alisimama kwa mshangao, akateremsha kioo. Orysia akaagiza chupa nne.

"Mama kapata hela?"

"Zimetoka Italia," Orysia alisema.

Bwana Aldège alimtazama usoni, ambako masharubu ya kizibo bado hayajafutika sawasawa. Aliteremsha chupa nne, akampa chenji yake, akaondoka.

Paraska alipoingia jikoni alizikuta zimepangwa mezani, utando wa malai umesimama shingoni mwa kila chupa, na binti yake ameketi pembeni ameshika chenji kwenye kiganja kilichofunguka. Aliuliza zimetoka wapi. Orysia akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo hadithi ilivyozidi kukosa kichwa na miguu hata masikioni mwake mwenyewe: kwamba Bwana Fazzari ndiye yule mtoto, kwamba alishakunywa na nguruwe pia, kwamba Lesia hajanywa, kwamba kwa hiyo maziwa yamefika.

"Yamefika wapi?" Paraska aliuliza.

"Hapa."

Paraska aliona kisanduku kilichopasuliwa. Akakiinua, akaona lile tundu. Orysia alingojea kofi, na kofi halikuja, na kutokuja kwake kulimtia hofu zaidi. Mama yake alikwenda mpaka sebuleni, kisanduku mkononi, akakiweka juu ya plasta ya mumewe kama mtu anayeweka barua ya mahakama.

"Binti yako kaiba hela za maskini," alisema, "akawanunulia maskini maziwa."

Stefan alijiinua kwa kiwiko. Aliuliza kila kitu upya, taratibu, na Orysia akajibu kila kitu upya. Alipofika kwenye maneno ya Rocco, "ni sisi," baba yake alimzuia, akamwambia arudie. Akarudia. Stefan akajifuta uso kwa kiganja, na Orysia hakuweza kujua kama anacheka au anafanya lile jingine.

"Sasa, baba, maskini ni nani?" alimwuliza.

"Hata mimi sijui, binti yangu. Nilidhani najua."

Wakati huo jikoni Lesia alikuwa amekwisha kulikamata sikio la kikombe, na Paraska, ambaye alikuwa amesema maziwa yale yarudishwe yote na hakuna mtu kuyagusa, ndiye aliyemmiminia. Mtoto alikunywa mpaka chini, akapumua, akagonga kikombe mezani. Kisha Orysia aliona jambo ambalo hakulisahau: mama yake akajimiminia nusu bilauri na kunywa akiwa amesimama, mgongo ameupa mlango.

Iliamuliwa kwamba Jumatatu Orysia atakirudisha kisanduku mwenyewe na kumweleza mwalimu mwenyewe. Tundu likazibwa kwa gundi ya unga wa ngano na kipande cha gazeti. Senti zikahesabiwa, chenji ikarudishwa ndani. Kikawekwa juu ya kabati la sebuleni, mahali ambapo Orysia asingeweza kukifikia hata akipanda kiti, naye alishinda Jumamosi nzima akikitazama kutoka chini.

Jumapili baada ya kanisa Rocco Fazzari alikuja kumjulia hali Stefan. Alikuja na chupa mbili za divai ya kujitengenezea na Carmela wake, aliyekaa ukingoni mwa kiti bila kuvua kofia. Orysia alipelekwa chumbani pamoja na Lesia. Alisikia wanaume wakizungumza, Kiingereza chao kibovu kikigongana, kimoja cha Kiukraini na kimoja cha Kiitalia, kisha baba yake akisema "hapana" mara kadhaa, kisha mlio wa bilauri. Alipotoka wageni walikuwa wamekwisha kuondoka, na hakuna aliyemwambia walizungumza nini.

Jumatatu asubuhi Paraska alimfunga viatu, akamvika glavu nene za sufu, akateremsha kisanduku na kukibeba yeye mwenyewe mpaka getini. Hapo ndipo alipomvika shingoni. Orysia alikwenda shule akiwa amekikumbatia kwa mikono miwili, na kama kilikuwa chepesi au kizito hakujua, maana mikono yake ilikuwa imekufa ganzi.

Alikuwa amejifunza maneno ya kusema. Lakini Mwalimu Pardoe alisimama mlangoni akiwapokea wote kwa mstari, akakichukua kisanduku kama alivyochukua vingine, akakipanga mezani kwa nyuma. Orysia akajiambia kwamba kitakapofunguliwa ataitwa tu, na hapo atasema. Hakuitwa.

Jumanne kulikuwa na karatasi ukutani yenye majina ya darasa zima, na la Orysia lilikuwa la tatu kutoka juu. Alisimama mbele yake wenzake wakimpita wakienda kucheza. Alijua kusoma tarakimu. Kiasi kile kilikuwa pamoja na dola nzima ya Rocco, na juu yake kidogo.

Akaenda mezani kwa mwalimu. Alimwambia amekosea.

"Nimehesabu mara mbili, Orysia."

"Mimi niliiba. Nilinunua maziwa."

Mwalimu Pardoe alivua miwani, ikaning'inia kwenye mnyororo wake. Bila miwani alionekana mdogo, karibu kama dada wa mtu. Alimtazama yule mtoto, kisha akatazama dirishani.

"Kisanduku chako kilikuwa kizito," alisema. "Nenda kacheze."

Na hilo ndilo lililokuwa jambo zima. Alipoeleza nyumbani, hakuna aliyemwadhibu. Fidia ilifika mwezi wa Desemba, Stefan akatupa magongo majira ya kuchipua, akarudi mgodini kufanya kazi za juu ya ardhi, kwenye karakana, akichechemea. Bwana Aldège akaanza tena kusimama mlangoni. Mtu mwingine angesahau. Orysia hakusahau, ila alichokumbuka hakikuwa kosa wala furaha. Kilikuwa kama soksi iliyokosa mwenzake: huwezi kuivaa, na huitupi.

Alikua, akaolewa na fundi umeme aitwaye Wendell Prudhomme, akazaa wawili. Usiku wa harusi yake mwaka 1977, watu wakicheza ukumbini, alimvuta baba yake pembeni, akamwuliza nani alirudisha ile dola. Stefan alikuwa amelewa kidogo na amechangamka. Akasema ni mama yake, bila shaka, nani mwingine, yule mwanamke asingelala na deni la Mungu ndani ya nyumba. Orysia akaenda kwa mama yake. Paraska akashangaa kwa dhati.

"Mimi? Ningeitoa wapi? Ni baba yako. Aliona aibu kuliko mimi, ila wanaume aibu yao haina sauti."

Basi kwa miaka kumi na nne kila mmoja wao alikuwa amemheshimu mwenzake kimya kimya kwa jambo ambalo, yaelekea, hakuna kati yao aliyelifanya. Orysia alifikiri kuwaambia. Aliwatazama wakicheza pamoja, baba yake akiburuta mguu, mama yake ameweka shavu kwenye tai yake. Akaacha.

Alifanya kazi miaka ishirini na tisa kama katibu wa shule ya msingi, si ile aliyosoma bali nyingine, ng'ambo ya pili ya mto, na kila Oktoba masanduku makubwa ya visanduku yalipitia mezani kwake kabla ya kufika madarasani. Watoto walikuja dirishani kuuliza. Hela zinakwenda wapi? Alikuwa na karatasi ya maelezo, akawasomea: chanjo, visima, madaftari. Safari moja msichana mmoja mwenye koti lililokatika mikono, ambaye Orysia alijua kwao kuna nini na hakuna nini, aliuliza kama mtu anaweza kukusanya na pia kupokea. Orysia alifungua mdomo. Wenzake ofisini walimjua kuwa mwanamke wa majibu ya haraka, lakini siku hiyo alisema, "Ngoja nikuulizie," kama alivyomwambia yule mzee wa Kifini, na yule msichana akangoja, na simu ikalia. Wiki hiyo Orysia alipeleka koti jipya nyumbani kwao, akaliacha barazani, akaondoka kabla mlango haujafunguliwa. Njiani alijiona mjinga. Hakujua kama amefanya wema au kama amemwasha mtu mashavu.

Mwalimu Pardoe alifariki mwaka 1989 huko Kingston kwa dada yake. Orysia alisoma habari hiyo gazetini, akatambua kwamba yule pia alikuwa na kipochi na mshahara, na kwamba kwa miaka yote hiyo hakuwahi hata kumweka kwenye orodha ya walioweza kurudisha ile dola. Stefan akafuata, kisha Paraska. Mwaka 2006 visanduku vikaondolewa mashuleni, watu wakaanza kuchangia kwa njia nyingine. Alibaki Rocco.

Alimwendea mwaka 2019, mwezi wa Oktoba, katika nyumba ya wazee iliyo njia ya kwenda ziwani. Rocco alikuwa na karibu miaka themanini, masharubu meupe, blanketi magotini, na Carmela kando yake akimmenyea tufaa. Carmela ndiye aliyemtambua kwanza. Walizungumza habari za mgodi uliofungwa na watu waliokufa. Kisha Orysia akaeleza alichojia, yote, tangu kofia mpaka karatasi ya ukutani, akieleza kama mtoto wa miaka minane, mwanamke wa miaka sitini na minne.

Rocco alisikiliza akitafuna.

"Maziwa?" alisema. "Mimi sikuwahi kuyanywa yale maziwa, binti. Yalikuwa ya watoto wa shule. Mimi nilikuwa nachunga mbuzi wa babu, shule nitaiona wapi? Aliyekunywa ni ndugu yangu Mimmo."

"Lakini ulisema ni sisi."

"Sisi, ndiyo. Sisi wa nyumbani. Mimmo alikuwa akinihadithia."

"Usimsikilize huyu," Carmela alisema bila kuinua macho kwenye tufaa. "Alikunywa. Mama yake aliniambia, alikunywa akatapika njia nzima. Anaona haya mpaka leo."

"Mama alichanganya. Alikuwa na watoto tisa."

"Wewe ndiye unayechanganya."

Orysia aliwaacha wabishane, maana walionekana kulifurahia, kisha akauliza kuhusu ile Jumapili. Rocco aliikumbuka vizuri. Alikumbuka divai, na kwamba ilikuwa imechacha kidogo, na kwamba alimletea Stefan hela zilizochangwa na watu wa zamu, na Stefan akakataa, akakataa, akakataa. Alizirudisha nyumbani.

"Zote? Hukutia kitu kisandukuni?" Orysia aliuliza.

"Zote. Sanduku lipi? Siku ile mimi sikuona sanduku."

Carmela aliacha kumenya. Alimwangalia mumewe, kisha akaangalia kisu, kisha akasema kwa sauti ya chini kidogo kwamba siku ile alisikia kiu na wanaume walikuwa wamesahau kwamba yupo, akasimama kutafuta maji, na mama yake Orysia alikuwa jikoni analia.

"Halafu?" Orysia alisema.

"Halafu nikanywa maji."

Akamkatia Rocco kipande kingine cha tufaa. Orysia alingoja, lakini yule bibi alikuwa ameanza kuuliza habari za wajukuu, majina yao, na kama wanakula. Hakuwa mtu wa kusukumwa. Orysia akamwambia majina, akamwonyesha picha kwenye simu, akawabusu wote wawili kwenye paji la uso.

Aliporudi nyumbani Wendell alikuwa jikoni amevaa aproni, anakaanga vitunguu. Akamwuliza kama amepata jibu lake. Orysia alivua viatu, akakaa kwenye ngazi ya chini. Alisema amepata majibu zaidi ya aliyokuwa nayo asubuhi, na moja kati ya hayo halikusemwa.

"Na unaliamini lipi?"

Alifikiri. Kwa mama yake aliona karai. Kwa baba yake aliona uso ukifutwa kwa kiganja. Alimwona mwalimu bila miwani, na kijana mwenye soksi za sufu, na sasa pia bibi arusi mgeni asiyejua Kiingereza, kofia kichwani, akitafuta maji katika nyumba ya watu, kisanduku kikiwa juu ya kabati.

"Sijui," alisema. "Leo naamini ni Carmela. Kesho niulize tena."

Wendell akapunguza moto, akamwambia anawe mikono, chakula kimeiva.